Wakisema "silaha imetengenezwa hapa hapa nchini", pima hivi kabla ya kushangilia au kuponda

Kila nchi ikifungua kiwanda cha silaha maneno ni yale yale, tumejitegemea, hatutanunua tena nje, na mitandaoni watu wanagawanyika pande mbili papo hapo, huku wa kushangilia kule wa kuponda, na mara nyingi pande zote mbili hazijauliza swali hata moja la maana. Kenya walifungua cha kwao Ruiru Aprili 2021, Rais Uhuru Kenyatta alienda mwenyewe, ikatangazwa kina uwezo wa kutoa bunduki 12,000 kwa mwaka na kimegharimu kama shilingi bilioni 4 za kule. Mi natamani sana Afrika Mashariki tuwe na viwanda vya hivi, na ndo maana nataka tujue kuvipima, hii ni hela ya kodi na ni usalama wetu.

Kwanza jua tangazo liko fungu gani. Kuna kununua kitu kizima, kinashuka bandarini kimekamilika. Kuna laiseni, unamlipa mwenye nacho akuruhusu kutengeneza kitu chake kwa michoro yake. Halafu kuna kuunda mwenyewe kuanzia mchoro wa kwanza. Hapo katikati kwenye laiseni kuna ngazi nyingi na ndipo watu wanapochanganywa, kwa sababu laiseni inaweza kumaanisha vitu vimekuja kwenye makontena vimeshakatwa vimeshapigwa rangi, kazi yenu ni kufunga nati tu, kama pikipiki za boksa zinavyokuja kwenye makasha fundi anaziunga, anapachika betri na vioo, jioni ziko barabarani. Misri wamekuwa wakiunga vifaru vya M1A1 vya Marekani tangu makubaliano ya 1988, wameshatoa zaidi ya 1,000, ni kazi kubwa na wana mafundi wa kweli, ila sehemu nyeti zimeendelea kutoka Marekani. Kwa hiyo ukitajiwa asilimia ya "vya ndani" uliza ni asilimia ya nini, ya thamani ya hela au ya idadi ya vipande, maana ukihesabu vipande nati elfu moja zinaipiku injini moja.

Sasa njoo kwenye injini, na hapa usiwe na haraka kabisa. Ukitaka kujua ndege, helikopta au kifaru ni cha nani tafuta injini yake inatoka wapi, jina la injini huwa halifichwi. India wana ndege vita yao ya Tejas, wameichora wenyewe na wana haki ya kujivunia, lakini injini ni F404 ya General Electric ya Marekani. Walianza kutafiti injini yao, Kaveri, tangu miaka ya 1980, na mpaka leo haijaingia kwenye Tejas, maana injini ya ndege vita ni moja ya vitu vigumu kabisa duniani kutengeneza, vile visu vya ndani vinavyozunguka kama feni vinafanya kazi kwenye joto linaloweza kuyeyusha chuma cha kawaida. 2021 wakaagiza injini 99 kwa ajili ya toleo jipya, ya kwanza ikafika Machi 2025. Miaka yote hiyo jeshi la anga linasubiri, kiwanda kina miili ya ndege haina injini, na huwezi kumfokea mtu wa kiwanda chako kwa sababu tatizo liko bara lingine.

Na ucheleweshaji ni afadhali, kuna kukataliwa kabisa. Uturuki 2018 waliingia mkataba wa kuiuzia Pakistan helikopta 30 za T129, zinaundwa Uturuki, ila injini ina mkono wa kampuni ya Marekani, Marekani wakagoma kutoa kibali na biashara ikafa. Helikopta hiyo hiyo Ufilipino wakaipata, za kwanza zikafika 2022, kwa sababu wao Marekani waliwakubalia. Yaani muuzaji ni Uturuki, kiwanda ni cha Uturuki, anayeamua nani auziwe yuko Washington. Sio jambo la juzi hili, Sweden walitaka kuiuzia India ndege ya Viggen mwaka 1978, Marekani wakazuia kwa sababu injini ilitokana na ya kwao. Sweden, nchi tajiri yenye viwanda vya kila aina.

Baada ya injini angalia macho, kamera na mitambo ya kulenga. Droni ya TB2 iliyoipa Uturuki jina kubwa ilikuwa inatumia kamera kutoka Canada, vita ya Nagorno-Karabakh ilipowaka 2020 Canada wakasimamisha vibali Oktoba mwaka huo, Aprili 2021 wakavifuta kabisa. Uturuki walisalimika kwa sababu kampuni yao ya Aselsan ilishakuwa inatengeneza kamera ya kwake pembeni, ikaingizwa. Hili liandike mahali. Swali sio tu "kipi kinatoka nje", uliza na "kikikatwa kesho nani hapa nchini ameshaanza kukifanyia kazi".

Kuna kipengele kwenye mikataba ambacho wabunge wetu wangekikazia macho sana, ile ruhusa ya kumpa mtu mwingine. Ujerumani ilipotaka kuipelekea Ukraine risasi za Gepard, mizinga ya kutungulia ndege, mwaka 2022 Uswisi wakakataa, kwa sababu risasi zilitoka kwao na mkataba ulisema hazitolewi kwa mwingine bila idhini yao. Ujerumani, na uchumi ule wote, ikabidi ianzishe laini mpya ya kutengeneza risasi hizo nyumbani. Sasa jiulize nchi yetu yenye laiseni, jirani ana shida anaomba msaada wa risasi, tunaweza kumpa bila kupiga simu Ulaya au Asia?

Risasi zenyewe nazo msizidharau. Watu wanapenda kupiga picha na bunduki ila bunduki inakaa miaka 30, risasi zinaisha kila siku ya mazoezi. Ndo maana kiwanda cha Eldoret, kilichojengwa miaka ya 1990 kwa teknolojia ya Ubelgiji, na Shirika la Mzinga pale Morogoro lililoanzishwa 1974, kwangu ni habari kubwa kuliko kiwanda chochote cha bunduki. Hapo uliza baruti inatoka wapi na shaba ya maganda inatoka wapi. Nchi inayoagiza baruti nje bado inaagiza risasi, imebadilisha tu umbo la mzigo.

Kwenye hesabu msikubali kuambiwa kwamba kutengeneza hapa lazima ni bei nafuu. India walitengeneza ndege vita ya Su-30MKI kwa laiseni ya Urusi kiwandani kwao Nashik, mkataba wa 2000 wa ndege 140, na kila moja ikatoka ghali kuliko kuinunua moja kwa moja Urusi. Inaweza kuwa sawa kulipa zaidi kama unapata mafundi, matengenezo ya ndani na uwezo wa kubadilisha vitu, India walivipata kiasi, ila serikali iseme wazi kwamba tunalipia kujifunza. Halafu oda. Bunduki 12,000 kwa mwaka ni nyingi, ukishawapa wanajeshi na polisi wako wote mashine zinafanya nini mwaka unaofuata? Denel, kampuni ya silaha ya serikali ya Afrika Kusini, ilikuwa na wahandisi wa kiwango cha dunia lakini oda zilipokauka na usimamizi ukaharibika, kufikia 2020 ilikuwa inashindwa kulipa mishahara kamili, na wataalamu wakaondoka.

Hao hao Afrika Kusini ndio wanaonyesha laiseni inavyoweza kukuvusha. Walianza na ndege ya Impala kwa laiseni ya Italia, Umoja wa Mataifa ulipoweka vikwazo vya lazima vya silaha Novemba 1977 wakawa tayari na mafundi, bunduki ya R4 wakaitoa kwenye Galil ya Israel, wakazigeuza ndege vita zao za zamani za Mirage kuwa Cheetah, wakatoa mzinga wa G5. Inauma kuutoa mfano huu kwa sababu ule ulikuwa utawala wa makaburu na silaha hizo zililenga Angola na majirani wengine, ila njia waliyopita inasomeka, kila mkataba uliwaachia kitu cha kutumia kwenye unaofuata. Kwenye mkataba wenu tafuta hiyo, ratiba yenye miaka inayosema mwaka huu tunaunga, mwaka fulani mtutu unatoka hapa, mwaka fulani michoro inakuwa yetu na tunaweza kuibadilisha. India kwenye AK-203 pale Korwa walisaini bunduki zaidi ya 600,000 kwa mpango wa kupandisha vya ndani hatua kwa hatua, na ni jambo ambalo raia anaweza kulifuatilia mwaka hadi mwaka.

Majibu mengi utayapata kwenye ripoti za mkaguzi mkuu, majibu ya waziri bungeni, na tangazo la kampuni ya nje iliyouza mashine, hao huwa wanajisifia kwao hata kama huku kimya. Mi kwa Ruiru ningeanza na mtutu, chuma chake kinanunuliwa wapi, na mashine inayoutoboa ikiharibika anakuja kuitengeneza nani.