Jinsi ya kutumia mfuko wa maji wenye mrija unapopanda Kilimanjaro
Chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, hivyo mpandaji huchagua kati ya chupa ngumu ya kudumu na mfuko laini unaokaa ndani ya begi la mgongoni, ambao mrija wake hupita begani hadi karibu na mdomo. Mimi napendelea mfuko wa lita 3, kwa sababu mtu anayelazimika kusimama na kushusha begi kila apatapo kiu huishia kunywa kidogo mno, ilhali waongozaji huhimiza lita 3 hadi 4 kwa siku.

Jaza mfuko kabla ya kupanga vitu vingine, kwani ukijaa hauingii katika begi lililokwisha kushiba. Ukishaufunga, ugeuze juu chini na unyonye hewa iliyobaki kupitia mrija. Usipoitoa, maji yatachezacheza mgongoni kwa kila hatua. Hakikisha pia mrija haujabanwa na mkanda wa begi.

Shida yenyewe huja usiku wa kuelekea kileleni. Kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele kwa njia kama Machame, haina maji, kwa hiyo wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, huyabeba kutoka Karanga, kambi iliyo chini yake, na safari huanza karibu saa 6 usiku katika baridi iliyo chini ya nyuzi sifuri. Maji ya mfukoni hukawia kuganda kwa sababu ya joto la mgongo, lakini yale machache yaliyobaki mrijani huganda mapema, na kipande cha barafu chenye urefu wa kidole kinatosha kukunyima lita zote ulizobeba. Kwa hiyo kila umalizapo kunywa, puliza hewa mrijani mpaka usikie maji yakibubujika mfukoni, kisha ficha ncha yake ndani ya jaketi. Ala ya kufunika mrija husaidia kidogo tu, isikudanganye. Beba pia chupa ya lita 1 yenye mdomo mpana, uivike soksi nzito na kuiweka kichwa chini, kwa kuwa maji huanza kuganda upande wa juu, nawe ukiigeuza utaukuta mdomo uko wazi.

Ukisharudi Moshi, osha mfuko kwa maji vuguvugu yenye limau, uyapitishe na mrijani, kisha uanike mfuko ukiwa umetanuliwa kwa mwiko mdogo. Mrija uliokwisha kuota ukungu mweusi ubadilishe.