SOMO: Eireta ipi ya waini kwa shughuli ipi (na chupa ya zamani msiiguse nayo)

Wakuu habari za muda huu. Kila wiki mtu ananiuliza "ninunue eireta gani", nishajibu hadi vidole vimechoka, sasa naandika mara moja na atakayeuliza tena namleta hapa.

Kwanza mjue eireta, yaani kifaa cha kuipa waini hewa wakati wa kumimina, inafanya nini. Waini ikikutana na hewa, harufu kali ya spiriti na ile ya kiberiti inapungua, harufu ya matunda ndo inajitokeza. Eireta inaharakisha tu hilo jambo. Haiponyi waini mbovu, kama inanuka siki, au inanuka kama kadibodi lililolowa kwa sababu ya kizibo, hata uipitishe mara kumi itabaki hivyo hivyo, rudisha ulikonunua.

1. Hesabu watu. Chupa ya ml 750 inatoa glasi 5 za ml 150.

2. Mko wawili watatu: chukua ya kushika mkononi. Unaishikilia juu ya glasi unamimina, waini inapita kwenye koo jembamba inaongeza kasi, presha inashuka, hewa inavutwa yenyewe kupitia vitundu vya pembeni. Kanuni hiyo imepewa jina la Venturi, mwanafizikia Mitaliano. Ikifanya kazi utaisikia inafyonza, kama mtu anayemalizia soda kwa mrija. Usiposikia hiyo sauti ujue vitundu vimeziba.

3. Wageni wako mezani na wewe ndo unazunguka kuwamiminia: ya kuchomeka mdomoni mwa chupa. Angalia mpira wake unabana, usipobana waini inachuruzika shingoni hadi kwenye kitambaa.

4. Watu wengi, chupa nyingi: ya betri. Chupa inabaki imesimama, mrija unashuka ndani, unabonyeza tu. Weka betri mpya kabla ya wageni kufika.

5. AINA YA WAINI, hapa someni taratibu. Nyekundu changa na nzito kama Cabernet Sauvignon, Syrah au Malbec inafaidika sana. Nyeupe nyepesi mara nyingi haihitaji. Yenye mapovu usithubutu, utayaua mapovu yote. Ya zamani sana ndo iliyonitia aibu. Mzee mmoja wa familia alikuja na chupa aliyoitunza zaidi ya miaka 20, nikaipitisha kwenye ya mkononi mbele yake nikidhani namheshimu. Glasi ya kwanza ilinukia vizuri kidogo tu, ya tatu ilikuwa kama maji ya rangi, na mashapo yaliyolala chini ya chupa miaka yote hiyo yakajaa kwenye vitundu na mengine yakaishia kwenye glasi, chenga chenga ulimini. Mzee alikunywa kimya. Mpaka leo inaniuma. Waini ya umri huo harufu yake ni dhaifu, hewa nyingi kwa ghafla inaifukuza. Isimamishe chupa siku nzima mashapo yatulie, kisha imimine polepole kwenye dikanta (jagi la kioo la kuwekea waini) huku umeweka tochi nyuma ya shingo ya chupa, ukiona weusi unasogea shingoni ACHA hapo hapo, iliyobaki usiilazimishe. Kisha mnywe mapema.

6. Ukimaliza suuza na maji ya uvuguvugu, ikaukie kichwa chini. Sabuni yenye harufu hapana, utainywa kesho.

MASWALI

Mdau: Mkuu sijasoma yote, nina chupa ya miaka 25, nitumie ya betri?
Jibu: Hapana. Namba 5.

Mdau: Hizi mbwembwe tu, nilijaribu sikuona tofauti yoyote.
Jibu: Ulijaribu na waini gani? Hujasema. Chukua nyekundu changa, mimina glasi 2, moja kupitia eireta na nyingine moja kwa moja, mwambie mtu akupe bila kukwambia ipi ni ipi. Ukishafanya hivyo njoo tuongee.

Mdau: Naomba kuelewa, tanini (vile vitu vya kwenye waini vinavyokausha mdomo) kwenye pipa zinalainika kwa miezi na miezi, sasa hii inazilainishaje kwa sekunde kadhaa?
Jibu: Swali zuri sana ndugu yangu. Hazilainishi. Hayo mabadiliko ya pipani ni kemia ya polepole, sekunde chache hazitoshi. Kinachotoka haraka ni vitu vinavyopaa, kama gesi za salfa na spiriti kidogo, sasa matunda yakishasikika vizuri puani ulimi nao unaona waini imetulia. Ndo maana chupa kali sana naiacha kwenye dikanta saa moja au mbili, ila hata hapo naonja kila baada ya nusu saa.

Mdau: Na asiye na eireta?
Jibu: Majagi mawili safi, hamisha waini kutoka moja kwenda lingine mara kadhaa kutoka juu kidogo. Inafanya kazi vizuri tu.

Mdau: Mi iliyobaki naimiminia kwenye chupa ndogo hadi juu kabisa, nafunga, friji. Hata nyekundu.
Jibu: Safi sana, hewa inakosa nafasi. Ila hiyo ni kwa ambayo haijapitishwa kwenye eireta, iliyokwisha pigwa hewa imalizeni usiku huo huo.

Mdau: Yangu haifyonzi tena, niitupe?
Jibu: Usitupe. Iloweke kwenye maji ya uvuguvugu na siki nyeupe kidogo, suuza sana, kisha pitisha maji matupu usikilize. Ikifyonza imepona.