Kabla Hujafungua Darasa la Mtandaoni

Chukua simu duni kuliko zote mlizonazo nyumbani, zima Wi-Fi, weka bando la siku, kisha ingia kwenye somo lako mwenyewe kama mwanafunzi. Ukishindwa kusoma maandishi ya slaidi, au bando likakata kabla somo halijaisha, kozi yako bado haijawa tayari.

Ninafundisha utunzaji wa hesabu kwa wenye maduka na genge, wiki sita, wengi wao wakiwa Dar es Salaam. Darasa la kwanza nililipanga kwa vikao vitatu vya video kila wiki, saa moja na nusu kila kimoja. Sikupiga hesabu, mimi mwalimu wa hesabu. Video inayokwenda kwa megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa, maana biti nane hufanya baiti moja. Kwa vikao vile vitatu, mwanafunzi alihitaji zaidi ya gigabaiti 2 kila wiki. Sauti peke yake, kwa kilobiti 64 kwa sekunde, haifikishi megabaiti 130 kwa muda huohuo. Kufikia wiki ya tatu nusu ya darasa walikuwa wameacha kuingia, na hakuna aliyeniambia sababu. Watu huona haya kusema bando limewashinda. Siku hizi nina kikao kimoja tu cha moja kwa moja, mengine nayatuma kwa sauti na kurasa za PDF ambazo mtu anapakua mara moja na kuzisoma wakati wowote. Video nikilazimika kurekodi, haizidi dakika sita. Uchunguzi wa mwaka 2014 juu ya kozi za edX, jukwaa la masomo ya mtandaoni, ulionyesha kwamba watazamaji huanza kuchoka baada ya hapo.

Kabla ya kuandika somo lolote, jiulize mwanafunzi ataweza kufanya nini siku ya mwisho. "Kuelewa uhasibu" hakupimiki. Mimi niliandika hivi: afunge mauzo ya siku na kujua faida yake kabla hajalala. Kuanzia hapo mazoezi yalijipanga yenyewe. Kila jioni mwanafunzi anapiga picha ukurasa wa daftari lake na kunitumia. Mama mmoja mwenye genge alinitumia ukurasa wenye doa la nyanya, mauzo yote yameandikwa vizuri, lakini nauli ya bodaboda ya kuleta mzigo haikuwemo. Nilimjibu kwa sauti ya dakika moja, kwa jina lake, nikimwonyesha mstari ule. Kesho yake nauli ilikuwepo. Kwa hiyo hesabu pia muda wako wa kusahihisha: watu 30, dakika tano kila mmoja, ni saa mbili na nusu. Kama huna muda huo, pokea wanafunzi wachache.

Halafu kuna suala la saa, na sisi Waswahili tunajuana. Ukiandika "saa 2 usiku", ongeza 20:00 na "saa za Afrika Mashariki". Muscat wako saa moja mbele yetu, Lubumbashi saa moja nyuma, na London hubadilika kati ya saa mbili na tatu nyuma kutegemea majira. Dada mmoja wa Muscat aliingia saa 2 usiku ya kwao, akasubiri peke yake, akadhani darasa limevunjika, akaondoka. Kosa lilikuwa la tangazo langu.

Ukitumia Zoom ya bure, kikao hukatika baada ya dakika 40, basi panga somo la dakika 35. Omba ruhusa kabla ya kurekodi; Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, sura na daftari la mtu ni vyake.

Mwisho, andaa siku ya kukosa mtandao. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Kabla ya wiki ya kwanza wape wanafunzi PDF za wiki mbili za mwanzo, na chukua namba zao za kawaida za simu. Mtandao ukigoma, watumie ujumbe mfupi wa SMS: "Leo fanyeni zoezi la ukurasa wa 7, picha mtanitumia intaneti ikirudi."