Kabla hujawasha rilei ya kutokea ya Tor kwenye seva ya kukodi

Mawasiliano ya mtumiaji wa Tor, mtandao unaoficha nani anatembelea tovuti gani, hupita rilei tatu, yaani seva za kupitishia, na tovuti anayoitembelea huiona ile ya mwisho tu. Hiyo ya mwisho ndiyo rilei ya kutokea. Ikiwa ni yako, basi lolote alilofanya, jema au ovu, litaonekana limetoka kwenye anwani yako ya IP. Ndiyo maana maandalizi yenyewe ni ya barua na maelewano kwanza, mashine baadaye.

Anza na kampuni ya seva. Kusoma masharti yao hakutoshi. Waandikie, uulize waziwazi kama wanakubali rilei ya kutokea, na jibu lao ulitunze. Mimi mara ya kwanza sikuuliza. Wiki ya pili, saa tisa usiku, ikaingia barua pepe: anwani yako imekuwa ikibahatisha nywila kwenye seva ya mtu, jibu ndani ya saa 24. Nilikuwa safarini. Nilipokuja kuifungua, seva ilishazimwa na pesa ya miezi iliyobaki haikurudi.

Tangu hapo barua ya kujibu naiandika kabla sijalipia seva. Inaeleza kwamba hapa ni mlango wa kutokea wa Tor, kwamba sihifadhi kumbukumbu za nani kapita, na kwamba mlalamikaji anaweza kuhakikisha kwenye huduma ya ExoneraTor, inayoonyesha kama IP fulani ilikuwa rilei siku fulani. Mwisho najitolea kuifungia rilei isifike kwenye anwani yake. Malalamiko mengi hutumwa na programu, lakini anayeamua kukuzimia ni binadamu, na binadamu akijibiwa mapema hutulia.

Nyumbani usithubutu. Aprili 2017 Dmitry Bogatov, mwalimu wa hisabati wa Moscow, alikamatwa kwa sababu ya ujumbe uliotoka kwenye IP ya nyumbani kwake, alikokuwa akiendesha rilei ya kutokea. Aliwekwa rumande, kisha kizuizini nyumbani, na mashtaka yakaja kufutwa 2018. Pata namba ya wakili anayeelewa mambo haya katika nchi unayoishi na katika nchi ilipo seva, kabla hujamhitaji.

Seva hiyo isibebe kitu kingine chochote, si barua pepe wala blogu yako, maana IP yake itaingia kwenye orodha za kuzuiwa. Omba jina la kinyume la IP, yaani jina analoliona mtu akiitafuta anwani hiyo, liwe na neno tor-exit, na uweke ukurasa mfupi wa maelezo kwenye poti 80, mlango wa kawaida wa tovuti. Anayechunguza akikuta hayo mawili, mara nyingi ataelewa bila kukuandikia.

Kwenye torrc, faili ya mipangilio ya Tor, weka ExitRelay 1, inayoruhusu watu kutokea kwako, na ContactInfo yenye barua pepe unayoifungua kila siku. Poti 25, ya kutuma barua pepe, imefungwa tangu mwanzo, iache hivyo. Ukianza na sera fupi ya poti, yaani ukiruhusu poti chache tu, malalamiko hupungua sana. Sakinisha programu ya unbound ili maswali ya DNS, ya kutafuta IP ya jina la tovuti, yajibiwe hapohapo, maana ukiyapeleka yote kwa kampuni moja kubwa, unaipa nafasi ya kujua watu wanakwenda wapi. Kama kifurushi chako cha data kina kikomo, AccountingMax, inayoweka ukomo wa data itakayopita kwenye rilei, itakuokoa na bili.

Usichungulie yanayopita, hata kwa kujaribu tu.

Ikishawaka, nakili folda ya keys, yenye funguo za utambulisho wa rilei, na uihifadhi nje ya seva. Seva ikifa, utarudi na utambulisho uleule ambao mtandao umeshauzoea.