Jinsi ya Kuunda Chama cha Wanafunzi wa Tamaduni Nyingi Chenye Sauti Chuoni

Katika vyuo vikuu vya umma nchini Kenya, wanafunzi wengi hupangiwa nafasi na KUCCPS, taasisi ya serikali inayowagawa watahiniwa kwa kufuata alama zao na kozi walizochagua, si kaunti walikozaliwa. Ndiyo maana bweni moja huweza kuwalaza pamoja wanafunzi wa Turkana, Lamu, Kisii na Wajir, na wenzao waliotoka Sudan Kusini, Somalia, Burundi au Kongo. Mchanganyiko huo, hata hivyo, haufiki wenyewe kwenye vikao ambako ratiba za mitihani, chakula cha bwalo na fedha za wanafunzi huamuliwa. Mwongozo huu ni wa wanafunzi wanaotaka kuunda chama cha tamaduni nyingi kitakachofika huko, na hoja yake ni kwamba uwakilishi hutengenezwa kwanza katika katiba ya chama na katika kalenda ya uchaguzi, ndipo siku ya ngoma na mavazi ifuate.

Anzeni kwa kujua ni akina nani wapo chuoni, lakini fanyeni hivyo kwa uangalifu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu asili ya kikabila ya mtu, sawa na imani yake na hali ya afya yake, kuwa taarifa nyeti. Kwa hiyo kusambaza fomu katika kundi la WhatsApp na kuwataka watu waandike makabila yao ni jambo lisilofaa hata kidogo. Waendeeni viongozi wa vyama vya kaunti vilivyopo, vyama vya kidini, ofisi inayowahudumia wanafunzi wa kigeni na ile ya wanafunzi wenye ulemavu, kisha mwacheni kila mtu ajitambulishe apendavyo. Wapo wanafunzi ambao jamii zao ni ndogo mno kuweza kuwa na chama chao wenyewe, kama Wamakonde wa Kwale, ambao serikali iliwatambua kuwa kabila la 43 la Kenya mwaka 2017. Hao hawataonekana msipowatafuta, na kwa maoni yangu ndio wanaokihitaji chama cha namna hii kuliko wengine wote.

Katiba ya chama iandikwe mapema, nayo isinakiliwe kutoka chama kingine. Ibara ya 36 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kujiunga na wengine katika chama, lakini haki hiyo haiwaambii mgawane vipi madaraka. Uanachama uwe wazi kwa kila mwanafunzi aliyesajiliwa chuoni. Kuhusu viongozi, azimeni kanuni iliyomo katika Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya mwaka 2008, inayokataza taasisi ya umma kuwa na wafanyakazi zaidi ya theluthi moja kutoka jamii moja. Kanuni hiyo haikutungwa kwa ajili ya vyama vya wanafunzi, ila hakuna kinachowazuia kujifunga nayo kwa hiari. Ongezeni sharti kwamba uenyekiti na ukatibu vipokezanwe kwa zamu, yaani mwenyekiti na katibu wanaoondoka wasirithiwe na watu wa jamii zao katika mwaka unaofuata. Elezeni pia akidi ya mkutano, muda wa uongozi, na utaratibu wa kusikiliza malalamiko ya mwanachama anayehisi ametengwa, kwa sababu malalamiko hayo yatakuja, na yakikosa mahali pa kupelekwa yatageuka kuwa mafarakano ya kikabila.

Usajili wenyewe hauna ugumu mkubwa. Kwa kawaida ofisi inayosimamia masuala ya wanafunzi hutaka katiba, kumbukumbu za mkutano wa kwanza, orodha ya viongozi na jina la mhadhiri aliyekubali kuwa mlezi, ingawa kila chuo kina kanuni zake ambazo ni lazima mzisome. Penye hatari ni kwenye fedha. Michango isikusanywe katika simu ya mweka hazina kwa jina lake binafsi. Fungueni akaunti inayohitaji saini zaidi ya moja, na mapato na matumizi yasomwe mbele ya wanachama kila muhula. Msipokee hata shilingi kutoka kwa mwanasiasa, hasa mwaka wa uchaguzi mkuu unapokaribia, kwa kuwa chama kilichojengwa kwa subira kinaweza kusambaratika kwa mchango mmoja ambao nusu ya wanachama wanajua ulitoka kambi gani.

Kuhusu lugha, ninashauri vikao viendeshwe kwa Kiswahili. Ndicho lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili kwa mujibu wa Ibara ya 7 ya Katiba, na wanafunzi wengi wa Burundi na wa mashariki ya Kongo hukimudu vizuri kuliko Kiingereza. Mwenzenu wa Sudan Kusini huenda akahitaji Kiingereza, na mwanachama kiziwi atahitaji mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya. Wekeni jambo hilo kwenye bajeti tangu mwanzo badala ya kulitafutia suluhisho mlangoni mwa ukumbi. Mazungumzo ya pembeni kwa lugha ya mama wakati wa kikao yakatazwe bila kumwonea mtu haya, awe mwenyekiti au mgeni.

Sasa tufike kwenye uwakilishi. Marekebisho ya mwaka 2016 ya Sheria ya Vyuo Vikuu yalibadilisha namna viongozi wa wanafunzi wanavyopatikana, na ndiyo yaliyofuatiwa na kuondoka kwa SONU, umoja wa zamani wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na kuzaliwa kwa UNSA iliyochukua nafasi yake. Kwa mujibu wa marekebisho hayo, wanafunzi hugawanywa katika majopo ya uchaguzi kwa idara, shule au vitivo. Kila jopo huchagua wajumbe 3 ambao si wagombea, na wajumbe hao ndio wanaowapigia kura viongozi wa baraza la wanafunzi. Baraza lina mwenyekiti, makamu wake ambaye ni lazima awe wa jinsia tofauti, katibu mkuu, mweka hazina, na wanachama wengine 3 wanaowakilisha makundi yenye maslahi maalumu, na kwa jumla linatakiwa lionyeshe sura ya taifa.

Utaratibu huo una matokeo ambayo makomredi wengi, yaani wanafunzi wenzenu, hawayatambui mpaka kura zimekwisha kupigwa. Jamii ndogo iliyotawanyika katika vitivo 10 haina wingi katika kitivo hata kimoja, hivyo inaweza kukosa mjumbe kabisa hata kama idadi yake chuoni kote si haba. Chama cha tamaduni nyingi ndicho kinachoweza kuwaunganisha waliotawanyika. Pateni tarehe za uchaguzi wa wajumbe mapema, kwa kuwa hutangulia uchaguzi wa baraza na hupita kimyakimya. Kisha tafuteni katika kila kitivo mwanachama anayeheshimiwa darasani, asiyetaka kugombea cheo, na mumuunge mkono awe mjumbe, bila kujali anatoka wapi, mradi ameahidi mbele ya wenzake kuzitetea hoja mlizokubaliana.

Zile nafasi 3 za maslahi maalumu zinastahili kazi ya ziada. Katiba ya umoja wa wanafunzi isipofafanua ni makundi gani yanayokusudiwa, nafasi hizo huishia kugawiwa marafiki wa washindi. Andikeni pendekezo la marekebisho linalotaja kwa majina wanafunzi wenye ulemavu, wanafunzi wa kigeni na wanaotoka jamii zilizotengwa zinazotajwa katika Ibara ya 56 ya Katiba ya nchi, mlipeleke katika mkutano mkuu likiwa na saini, na mfuatilie hadi lipigiwe kura.

Hoja mtakazopeleka barazani ziwe za maisha ya kila siku: mtihani uliopangwa Jumamosi ilhali wapo Waadventista, ambao hiyo ni siku yao ya ibada, kipindi cha maabara kinachogongana na sala ya Ijumaa, saa za bwalo katika Ramadhani, kibali cha mwanafunzi mgeni kinachochelewa Idara ya Uhamiaji, au mkopo wa HELB, bodi ya serikali inayowakopesha wanafunzi, unaokwama kwa sababu kitambulisho cha taifa hakijatoka. Kazi za namna hii huwafunga watu pamoja kuliko maonyesho ya mavazi. Mwaka 1967, wanafunzi wa Uganda, Tanzania, Malawi na kwingineko walipounda USARF, chama cha wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika, katika chuo kikuu cha Dar es Salaam chini ya uongozi wa Yoweri Museveni, kilichowaunganisha ni ukombozi wa kusini mwa Afrika, jambo ambalo hakuna taifa lililoweza kudai kuwa ni lake peke yake. Wiki ya utamaduni iwepo, na pishi na ngoma zake. Ila kila jamii ijieleze yenyewe, na asitumwe mtu kuigiza mila za mwenzake.

Mwishoni mwa mwaka, wiki kadhaa kabla ya mitihani, viongozi wanaoondoka wawakabidhi wanaoingia kumbukumbu zote, hesabu za fedha, orodha ya wajumbe wa kila kitivo na maandishi ya kila hoja ambayo baraza bado halijaijibu.