Namna ya Kuandaa Hafla ya Sikukuu Inayozifaa Familia za Wahamiaji

Msimu wa sikukuu huwa mzito kwa familia iliyo ugenini. Shule hufungwa, ofisi za msaada hufungwa, majirani huenda kwao, na wazazi hubaki ndani na watoto wanaouliza habari za bibi na binamu walioachwa nyuma. Ndiyo maana vikundi vya dini, shule na vyama vya mtaani huandaa hafla za pamoja, nyingine za kuwakutanisha watu na nyingine za kukusanya michango. Mwongozo huu unazihusu zote mbili, na msimamo wake ni kwamba familia inayoalikwa ipewe nafasi ya kuwa miongoni mwa wenyeji wa hafla hiyo, isiketishwe mbele ya watu ili itazamwe ikipokea.

Kabla ya kutafuta ukumbi, tafuteni wazazi wawili au watatu ambao wenyewe ni wahamiaji na muwaingize katika kamati ya maandalizi, wakiwa na sauti ya kukataa jambo na si ya kushauri tu. Warudishieni nauli na gharama za simu, kwa kuwa mtu anayelipwa kwa siku hupoteza kipato kila anapohudhuria kikao. Wazazi hao watawaeleza mambo ambayo hakuna dodoso litakalowaletea: familia zipi haziketi pamoja kwa sababu ya vita vilivyowafukuza kwao, na ni saa ngapi watu hutoka kazini.

Suala la kwanza la kuwauliza ni tarehe. Wakristo wengi husherehekea Krismasi tarehe 25 Desemba, lakini Waorthodoksi wa Ethiopia na Eritrea, pamoja na Wakopti wa Misri, kwa kawaida huisherehekea tarehe 7 Januari. Idd hufuata mwandamo wa mwezi, hivyo kila mwaka huja mapema kwa siku zipatazo 11 kuliko mwaka uliotangulia, na hafla ya mchana iliyofaa mwaka mmoja yaweza mwaka mwingine kuangukia ndani ya Ramadhani. Mashahidi wa Yehova hawasherehekei Krismasi kabisa. Pale ambapo wageni ni wa imani nyingi, tarehe 18 Desemba inafaa: Umoja wa Mataifa uliitenga kuwa Siku ya Kimataifa ya Wahamiaji, kwa kuwa siku hiyo mwaka 1990 ndipo ulipopitishwa mkataba wa kulinda haki za wafanyakazi wahamiaji na familia zao. Kama hafla ni ya dini fulani, semeni hivyo waziwazi katika mwaliko. Watu wengi hufurahi kualikwa katika sikukuu isiyo yao, mradi wajue mapema wanakwenda wapi.

Mwaliko wenyewe upelekwe kwa mdomo au kwa ujumbe wa sauti katika lugha ya familia, na upelekwe na mtu wanayemfahamu. Karatasi iliyobandikwa ukutani haimfikii mzazi asiyesoma lugha ya mahali hapo. Mtakapoandikisha wageni, ulizeni mambo haya tu: jina ambalo mgeni angependa kuitwa, idadi ya watoto na umri wao, vyakula wasivyokula au vinavyowadhuru, lugha wanayoizungumza nyumbani, na kama watahitaji usafiri. Msiulize uraia, wala njia waliyopita kufika, wala hati za ukaaji. Familia ambayo ombi lake la hifadhi halijaamuliwa huogopa kila orodha inayobeba jina lake, na ina sababu za kuogopa. Taarifa ambayo hamkuichukua haiwezi kupotea mikononi mwenu.

Kuhusu ukumbi, jambo moja husahaulika: askari au mlinzi mwenye sare mlangoni huweza kuwarudisha watu njiani. Ikiwa jengo lina walinzi ambao hamwezi kuwaondoa, waambieni wageni mapema na mweke pembeni ya mlango mtu wanayemjua. Ndani kuwe na chumba kidogo kilicho kimya, chenye mkeka au mito, kwa ajili ya mtoto aliyechoka na kelele. Fataki zisiwepo, na puto za kupasuliwa vilevile, wala taa zisizimwe ghafla kwa ajili ya kumshangilia mgeni rasmi. Mtoto aliyekimbia milio ya risasi hatofautishi kishindo cha sherehe na kile alichokikimbia, na mzazi wake pia hushtuka, ingawa yeye hujikaza.

Chakula ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kila bakuli na kila sinia ya chakula iwe na kibandiko kinachotaja viungo vyake kwa maneno na kwa picha, hasa karanga, ufuta, maziwa, mayai na aina ya nyama. Familia inayotaka kupika ikubaliwe, nanyi mgharimie vitu vinavyohitajika.

Wakalimani wapatikane kabla ya siku yenyewe, nao wavae beji inayoonyesha lugha wanayoisema. Mtoto asifanywe mkalimani wa mama yake hata kwa dakika tano. Watoto hujifunza lugha mpya haraka kuliko wazazi wao, na kwa hiyo hubebeshwa kazi hiyo mwaka mzima, kliniki, benki na shuleni. Hafla ya sikukuu iwe mahali ambapo mzigo huo unatuliwa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 31, unatambua haki ya mtoto kupumzika na kucheza, na haki hiyo haitimii ikiwa anaitwa kila mara kutafsiri.

Zawadi ndizo zinazoharibu hafla nyingi. Utaratibu uliozoeleka ni kuwapanga watoto mstari, kuwaita kwa majina, na kuwakabidhi vifurushi mbele ya wafadhili huku kamera zikiwaka. Uacheni. Tengeni chumba ambacho watoto hawaingii, pangeni vitu vyote mezani kwa kufuata umri, kisha wazazi waingie mmoja mmoja au wawili wawili, wachague wenyewe. Pembeni kuwe na karatasi za kufungia, mkasi, gundi na kalamu, ili baba afunge mwanasesere aliyemchagulia bintiye, aandike jina lake kwa mwandiko wake na kwa lugha yake, akaiweke zawadi mfukoni hadi watakapofika nyumbani. Mtoto atajua kwamba zawadi ile imetoka kwa mzazi wake, na hapo ndipo penye faida yote ya kazi hii.

Vitu vya watoto walio chini ya miaka 3 visiwe na vipande vidogo vinavyoweza kuwakaba koo. Thamani zisipishane sana, kwa kuwa ndugu hulinganisha. Wekeni ziada, maana daima atakuja binamu ambaye hakuandikishwa. Vijana wa miaka 14 hadi 17 ndio husahauliwa, hasa wale waliofika peke yao wanaoishi kwa jamaa au kwa walezi. Midoli haiwafai, nao wangefurahia zaidi vocha, mpira mzuri, au vifaa vya masikioni, na wapewe nafasi ya kujichagulia.

Ikiwa hafla ina lengo la kukusanya fedha, tenganisheni shughuli hiyo na ile ya watoto, ikiwezekana iwe siku nyingine kabisa. Msimpandishe mtoto jukwaani asimulie alivyovuka mpaka. Mwenye kueleza mahitaji awe mwanasheria, mwalimu au mtu mzima aliyejitolea mwenyewe, aliyeonyeshwa mapema maswali atakayoulizwa na mwenye ruhusa ya kubadili nia hata asubuhi ya siku hiyo. Tajeni matumizi ya fedha kwa uwazi: kodi ya nyumba, nauli, sare, au ada ya wakili. Mfadhili asiyeijua sheria hudhani kila mtoto hupewa wakili. Nchini Marekani, kwa mfano, mtoto anayefikishwa mahakama ya uhamiaji kwa kawaida hana haki ya kuwekewa wakili kwa gharama ya serikali, na hivyo wengi hutegemea mashirika ya hisani. Fedha zihesabiwe na watu wawili, risiti zitolewe, na taarifa ya matumizi iwafikie waliochanga.

Picha za nyuso za watoto zisipigwe na wafadhili wala zisirushwe mtandaoni, hata kwa nia njema, kwa sababu picha moja yaweza kumwonyesha anayewasaka mahali walipo, au kuwaponza jamaa waliobaki nyumbani. Pigeni picha za mikono, mapambo na meza. Anayetaka picha ya familia yake apigiwe na kukabidhiwa yeye tu.

Usalama wa watoto ufuate kanuni za kawaida: mtu mzima asibaki peke yake na mtoto asiye wake, na hakuna mtoto anayeondoka na mtu ambaye hakuja naye bila mlezi kuthibitisha.

Mezani pa taarifa, mbali na muziki, wakae wakili mwenye leseni, mtu wa afya na mtu wa uandikishaji shule, wakimsubiri anayetaka kuuliza. Wasihutubie. Muwe macho na wale wanaojiita washauri wa uhamiaji bila kibali, kwani fomu moja iliyojazwa vibaya huweza kuharibu ombi zima.

Ndani ya wiki moja baada ya hafla, pigeni simu kwa familia zilizoomba kuendelea kuwasiliana, kwa kuwa wafadhili hutawanyika sikukuu zikipita ilhali kodi ya mwezi unaofuata haingoji. Majina na namba za waliobaki zifutwe, na zile zilizohifadhiwa zikae kwa mtu mmoja ambaye familia hizo zinamjua kwa jina.