Kuipa umeme filamenti ya VFD kwenye saa ya kujitengenezea

Filamenti ya VFD (taa ya ombwe inayoonyesha tarakimu zinazong'aa) haikuwekwa iangaze. Ni waya mwembamba kuliko unywele, umepakwa oksidi za bariamu na nyinginezo, na kazi yake ni kupata joto la kutosha kutoa elektroni. Ule mwanga wa kijani-samawati unatoka kwenye unga wa anodi, yaani vipande vya volti chanya vinavyopokea elektroni hizo. Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza ni macho. Naondoa volti za anodi, nazima taa chumbani, naangalia waya. Ukiwa mwekundu hafifu sana gizani, ni sawa. Ukifika rangi ya chungwa, zima upesi.

Hili nililijua kwa hasara. IV-6, taa ya Kisovieti ya tarakimu moja, inataka volti 1 na miliampea 50 hivi. Nilikuwa na volti 5, nikazikatakata kwa PWM (kuwasha na kuzima haraka haraka) ya 20% ya muda, maana moja ya tano ya 5 ni 1. Hata multimita ilisoma volti 1. Muda si mrefu waya uling'aa, na taa ile haikuwaka tena. Joto haliendi na wastani wa volti, linaenda na wastani wa mraba wa volti: kwa 20% nilikuwa nimeipa sawa na volti 2.24. Hesabu ya kweli ni (1 ÷ 5)², yaani 4%. Siku hizi IV-6 naiwekea rezista tu. Volti 4 za ziada ukizigawa kwa 0.05 unapata omu 80; chukua ya 82, ya nusu wati.

Taa ndefu ina shida yake. IV-18 inataka volti 5 na miliampea 85 hivi, na filamenti yake inapita juu ya tarakimu zote. Ukiipa DC (umeme wa upande mmoja), ncha moja inakaa kwenye 0 na nyingine kwenye 5, basi tarakimu za upande wa 0 zinapata volti 5 zaidi kutoka kwenye anodi na kuwaka kuliko za upande wa pili. Saa inaonekana kama imechoka upande mmoja.

Dawa ni AC, umeme unaogeuka upande kila mara. Mimi natumia chipu ya kuendeshea mota ndogo: maikrokontrola inaipa mipigo miwili inayopingana, kilohezi 30. Usishuke chini ya 20, waya unaweza kulia. Kila ncha ya filamenti ipitie kapasita ya seramiki ya maikrofaradi 10, kisha kutoka kila ncha weka rezista ya omu 100. Rezista hizo mbili zikutane kwenye diodi ya Zener (inayoshikilia volti isibadilike) ya volti 5.1 inayokwenda graundi. Zener inaiinua filamenti kwa volti juu ya gridi zilizozimwa (nyavu zinazochagua tarakimu ipi iwake), ili zizime kweli.

Multimita ya kawaida hudanganya kwenye kilohezi 30. Washa kwanza kwa DC ya volti 5, ikariri rangi ya waya gizani, halafu washa AC ulinganishe. Ikipungua, chipu inameza volti, iongezee kidogo kidogo.

Mwisho weka saa kwenye 11:11 usiku, taa zote zimezimwa. Ukiona vivuli vya 8 nyuma ya zile moja, badilisha Zener uweke ya 6.2.